Karatasi Iliyovuka Mto Ohio

Hotuba niliyoitoa mbele ya jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili, Louisville, Kentucky. Nimeiandika upya kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, hamjambo. Ndugu zangu wa Kivu na Katanga, jambo yenu. Nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi wale waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa moja kwa moja bila kulala. Nawaona pale nyuma, bado mmevaa fulana za kazi.

Nimeombwa nizungumze juu ya wito wa mahakama. Nitashika aina moja tu ya wito: ule unaotoka jimbo jingine. Hapa Louisville jimbo jingine haliko mbali. Ukisimama mwanzo wa daraja la Barabara ya Pili ukautazama mto, ng'ambo ile ni Indiana. Wengi wenu mnalala Kentucky na mnafanya kazi Jeffersonville au Clarksville. Wengine mlipofika Marekani mlipokelewa Texas, au Idaho, au Indianapolis, mkakaa miezi kadhaa, mkasikia kwamba huku kuna kazi na kuna watu wa nyumbani, mkafunga mizigo mkahama. Kwa hiyo maisha ya familia moja yamelala katika majimbo matatu. Kodi ya nyumba iliyobaki iko kule, ajali ya gari ilitokea huku, baba wa watoto yuko kwingine. Na kila jimbo lina mahakama zake, na kila mahakama inakutafuta kwa anwani inayoijua, ambayo mara nyingi ndiyo ile uliyoiacha.

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu na hati yake ya mshahara. Aliikunja mara nne ndani ya kanga. Akaikunjua juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza: "Wakili, huyu ni nani anayekula na mimi?" Ulikuwa ni mstari wa makato. Karibu robo ya kile kilichobaki baada ya kodi ya serikali ilikuwa inakwenda kwa mtu asiyemjua. Nikatafuta jalada. Aliyekuwa mwenye nyumba wake kule Indianapolis alimshtaki kwa kodi ya nyumba na uharibifu. Wito ulipelekwa kwenye ile nyumba ya zamani, ukaachwa mlangoni, nakala nyingine ikatumwa kwa posta palepale. Yeye alikuwa ameshahamia huku miezi minne nyuma. Siku ya kesi hakutokea, kwa sababu hakujua kuna kesi. Ikatoka hukumu ya upande mmoja. Hukumu ile ikavuka mto, ikasajiliwa hapa katika kaunti yetu ya Jefferson, na amri ya kumkata mshahara ikapelekwa kwa mwajiri wake.

Sasa swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza ni hili: mahakama ya Indiana inawezaje kunigusa mimi niliye Kentucky? Inaweza. Katiba ya Marekani, Ibara ya 4, inalilazimisha kila jimbo kuiheshimu hukumu halali ya jimbo jingine. Ndiyo maana kuhama hakufuti kesi. Lakini lishikeni neno "halali". Mahakama ya jimbo jingine ikitaka hukumu yake ikubane wewe binafsi, lazima iwe na mambo mawili. Iwe na mamlaka juu yako, yaani kuwe na kitu cha kweli kinachokufunga na jimbo lile. Na iwe imekupa taarifa kwa njia iliyokubalika na sheria. Kimoja kikikosekana, hukumu ile ni batili, na unaweza kuipinga hata kama imeshasajiliwa.

Kanuni hii ilitokana na shamba. Nitawasimulia, kwa sababu nyie mnajua shamba ni nini.

Katika miaka ya 1860 kulikuwa na bwana mmoja, Marcus Neff, aliyekuwa na madai ya ardhi karibu na Portland, jimbo la Oregon. Alimtumia wakili aitwaye John Mitchell kwa kazi fulani za kisheria. Mwaka 1865 Mitchell akamshtaki kwamba hakumlipa. Deni lenyewe halikufika hata dola 300. Neff alikuwa ameshaondoka. Mitchell akaiambia mahakama kwamba mtu huyu yuko California na hapatikani, basi wito ukachapishwa gazetini kwa wiki sita, katika gazeti dogo la kidini la hukohuko Oregon. Jiulizeni, mtu aliyeko California atalisoma saa ngapi? Hakutokea. Hukumu ikatoka mwaka 1866, shamba likapigwa mnada na sherifu, na aliyelinunua ni Mitchell mwenyewe. Siku chache baadaye akamhamishia Sylvester Pennoyer, ambaye miaka ya mbele alikuja kuwa gavana wa Oregon. Neff aliporudi akakuta shamba lake lina mwenyewe.

Akashtaki. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Neff akashinda. Jaji Stephen Field aliandika kwamba nguvu ya mahakama ya jimbo inaishia mpakani mwa jimbo. Tangazo la gazetini haliwezi kumfunga mtu binafsi ambaye hayupo jimboni na hakukabidhiwa wito humo. Kesi ya Pennoyer na Neff husomwa na wanafunzi wa sheria nchi nzima. Mimi nikiisoma huwa nawaona watu wetu: mtu amehama kutafuta maisha, na aliyebaki nyuma amechukua kila kitu kwa karatasi.

Kisha yakaja magari. Sheria ya Jaji Field ilikuwa ya enzi ya farasi. Mtu wa Pennsylvania anaendesha gari hadi Massachusetts, anamgonga mwenyeji, anageuza gari anarudi kwao. Aliyegongwa afanye nini, amfuate? Massachusetts ikatunga sheria: ukiendesha gari kwenye barabara zetu, umemteua ofisa wetu wa usajili wa magari akupokelee wito, na nakala yake itumwe kwako kwa barua ya rejista. Mwaka 1927, katika kesi ya Hess na Pawloski, Mahakama Kuu ikasema sheria hiyo ni sawa. Mwaka mmoja tu baadaye, 1928, ikaja kesi nyingine kutoka New Jersey. Huko sheria ilifanana na ile ya Massachusetts, ila haikumlazimisha mtu yeyote kumtumia mshtakiwa nakala. Mahakama Kuu ikaitupa. Kumkabidhi ofisa wa serikali karatasi ikalala mezani kwake hakutoshi. Lazima kuwe na hatua ya kukufikishia wewe.

Kwa hiyo wewe unayevuka daraja kila siku kwenda kazini, ukimgonga mtu Clarksville, utashtakiwa Indiana, na wito utakufuata hapa Kentucky. Usiseme "mimi si mkaazi wa kule". Barabara yao umeitumia.

Mwaka 1945 mlango ukapanuliwa. Kampuni ya viatu ya St. Louis, International Shoe, ilikuwa na wauzaji kama kumi na wawili hivi katika jimbo la Washington, lakini haikuwa na ofisi kule, na ikadai haiwezi kushtakiwa huko. Mahakama Kuu ikaikatalia. Mahakama haiangalii tena kama umesimama ndani ya mpaka tu. Inaangalia una uhusiano gani na jimbo lile, na kama ni haki kukuita huko. Hiyo ndiyo kanuni inayotumika hadi leo, na majimbo yote yana sheria za kunyoosha mkono nje ya mpaka. Ya Kentucky ipo kwenye kifungu cha 454.210 cha sheria za jimbo. Ukifanya biashara huku, ukiumiza mtu huku, ukiwa na nyumba huku na kesi inaihusu nyumba hiyo, utashtakiwa huku hata ukihamia Maine.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana wenye watoto, na naomba mnisikilize.

Mwaka 1978 Mahakama Kuu iliamua kesi ya baba wa New York aliyeachana na mkewe. Mama akahamia California. Binti akataka kwenda kuishi na mama yake, baba akamnunulia tiketi ya ndege ya kwenda. Mama akamshtaki baba huko California kwa matunzo. Mahakama ikasema: kumkatia mtoto tiketi hakumfanyi baba kuwa mtu wa California, kwa hiyo mahakama za kule hazina mamlaka juu yake. Wanaume mlio hapa msifurahi mapema. Sheria imesogea tangu hapo. Leo majimbo yote yana sheria moja ya matunzo ya watoto kati ya majimbo, na mama anaweza kupeleka madai yake kupitia ofisi ya jimbo lake, yakatumwa kwenye jimbo lako, ukaitwa na mahakama ya hapa nyumbani kwako. Na ukiwa uliwahi kuishi na mtoto huyo katika jimbo lile, jimbo lile lenyewe linakushika moja kwa moja. Mtoto ni wako, mto hauwezi kukuficha.

Na kuna kesi ya mwaka 1990. Baba wa New Jersey alikwenda California kwa shughuli za kazi na kuwaona watoto wake, siku chache tu. Aliporudisha mtoto nyumbani kwa mama yake, akakabidhiwa hati za talaka palepale. Akalalamika kwamba alikuwa mpita njia. Majaji wote wakakubaliana kwamba wito umefika kihalali: ukikabidhiwa mkononi ukiwa ndani ya jimbo, hata kwa siku moja, umepatikana. Naomba hili likumbukwe na kila anayekwenda arusini au msibani katika jimbo ambalo ameacha mgogoro.

Talaka nayo ina sura mbili. Mwenzako akihamia Texas, akakaa miezi 6 jimboni na siku 90 katika kaunti, anaweza kufungua talaka kule. Mahakama ya Texas inaweza kuivunja ndoa ilimradi umepewa taarifa ipasavyo, hata kama hujawahi kukanyaga Texas. Lakini haiwezi kukata haki yako ya matunzo au kugawa mali yako binafsi bila kuwa na mamlaka juu yako wewe mwenyewe. Hilo lilishaamuliwa na Mahakama Kuu katika miaka ya 1940 na 1950. Nimewaona akina dada waliodhani kwamba kwa kuwa "talaka imeshatoka kule" basi kila kitu kimeisha. Hakijaisha. Njooni tuisome ile hati.

Sasa nirudi kwenye taarifa, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia zaidi, na kwa sababu kesi mojawapo kubwa kabisa juu ya jambo hili ilizaliwa katika mji huu wetu.

Miaka ya 1970 hapa Louisville, kwenye nyumba za umma, wapangaji walikuwa wanashtakiwa ili watolewe. Sheria ya Kentucky iliruhusu msambaza nyaraka, akikosa mtu wa kumkabidhi, abandike karatasi mlangoni. Hivyo ndivyo ilivyofanyika: wanagonga, hakuna jibu, wanabandika, wanaondoka. Wapangaji wakasema hawakuiona karatasi yoyote. Waliyojua kwanza ilikuwa ni amri ya kutolewa, wakati muda wa kukata rufaa umeshapita. Na wasambaza nyaraka wenyewe, walipohojiwa, walikiri wanajua kwamba katika majengo yale karatasi za milangoni hubanduliwa, mara nyingi na watoto. Walijua, na wakaendelea kubandika.

Mwaka 1982, katika kesi ya Greene na Lindsey, Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa wapangaji haki, majaji 6 kwa 3. Hoja ya Jaji Brennan, aliyeiandika hukumu hiyo, ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa unajua kwamba njia unayotumia haifikishi habari, na kuna posta ambayo ni rahisi na ya bei ndogo, basi hujatoa taarifa. Alisimama juu ya kesi ya mwaka 1950 iliyohusu benki moja ya New York, ambapo mahakama ilisema njia ya kumpa mtu taarifa lazima iwe ile ambayo angeichagua mtu anayetaka kwa kweli habari zimfikie mwenzake. Wakati mwingine napita na gari kwenye mitaa ile, nawaza wale akina mama waliofungua milango wakakuta hakuna kitu, na jinsi mlango ule mtupu ulivyobadilisha sheria ya nchi nzima.

Sasa tuje kwenye utendaji. Karatasi inavukaje mto?

Mtu akikushtaki Kentucky wakati wewe unaishi nje, karani wa mahakama anaweza kupeleka wito na hati ya madai kwa Katibu wa Jimbo kule Frankfort, makao makuu ya jimbo letu. Ofisi ile inakutumia kwa barua ya rejista inayotakiwa kutiwa saini, kwa anwani aliyoiandika mdai. Baadaye ofisi inairudishia mahakama taarifa ya kilichotendeka. Taarifa hiyo ikiingia, sheria inakuhesabu kuwa umefikiwa, na una siku 20 za kujibu. Ile barua ikirudi kwa sababu hukwenda kuichukua posta, usidhani umepona. Kile kikaratasi anachoacha mtu wa posta kwenye sanduku lako kusema kuna barua ya kutia saini, hicho tunakitupa kila siku pamoja na matangazo ya pizza. Nimekiona kwenye mapipa ya taka ya majengo mnamoishi. Kichukueni, mwende posta na kitambulisho.

Kama haijulikani uliko kabisa, Kentucky ina utaratibu wake: karani humteua wakili wa kukutafuta, ambaye kazi yake ni kukuandikia na kukujulisha kwamba umeshtakiwa, kisha ndani ya siku 50 anatoa ripoti mahakamani. Ukipata barua kutoka kwa wakili usiyemjua anayesema ameteuliwa kukupa onyo, usimwogope na wala usidhani ni wakili wako wa kukutetea. Yeye ni mjumbe. Na sheria yetu inasema wazi kwamba mtu aliyeitwa kwa njia hiyo, na hakutokea, hawezi kupewa hukumu ya kumdai yeye binafsi. Ni kinga kubwa hiyo, na haitajwi na mtu kama wewe mwenyewe hukuitaja.

Majimbo hayafanani. California inaruhusu wito uende nje ya jimbo kwa posta ya kawaida yenye hati ya kusaini mapokezi, na unahesabiwa umefika siku ya 10 tangu ulipotumwa. Minnesota kesi inaweza kuanza siku unapokabidhiwa karatasi, kabla haijafunguliwa kwa karani. Kwa hiyo karatasi ya Minnesota inaweza kukosa namba ya kesi na bado ikawa kesi kamili. Kijana mmoja aliyekuwa Minneapolis aliitupa kwa sababu hiyohiyo: alipiga simu mahakamani, wakamwambia hawana jina lake. Siku nazo zinatofautiana. Indiana ni 20, Ohio ni 28, California ni 30, mahakama za serikali kuu ni 21. Texas wana hesabu yao ya peke yao: siku 20 zikiisha, ngoja Jumatatu inayofuata, na mwisho ni saa nne asubuhi ya Jumatatu hiyo. Msijaribu kuzikariri. Siku mnayopokea, chukueni kalamu, andikeni juu ya bahasha: tarehe, saa, nani ameleta, nani amepokea. Kisha mpigieni wakili au ofisi ya msaada wa sheria kesho yake asubuhi.

Na yule anayeleta ni nani? Kwa kawaida ni mtu yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye si sehemu ya kesi. Anaweza kuwa sherifu, anaweza kuwa kijana mwenye jinzi. Hataki pesa yako. Anayekupigia simu au kukutumia ujumbe WhatsApp akisema una kesi na ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi ni mwizi. Na huyu anayeleta karatasi si ofisa wa uhamiaji. Najua kwa nini hatufungui milango. Nimekaa na nyinyi, najua sauti inayopita nyumbani mlango ukigongwa na mtu asiyejulikana. Unaweza kuzungumza naye bila kufungua, ukamwambia aiweke chini ukaichukua akishaondoka. Lakini kuikataa hakukusaidii. Mahali pengi, ukimkatalia, anaiacha miguuni pako na anaapa kwamba amekupa, na ni kweli amekupa.

Tatizo kubwa ni wale wanaoapa kwamba wamekupa na hawakukupa. Huko New York kulikuwa na kampuni za kusambaza nyaraka zilizokuwa zinazitupa tu, watu wakaita kupeleka wito mtaroni. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu wa jimbo lile aliiomba mahakama ifute hukumu za upande mmoja zipatazo 100,000. Baada ya hapo jiji likawataka wasambaza nyaraka waweke kumbukumbu za kielektroniki zinazoonyesha mahali walipokuwa. Kwa hiyo mkisema "sikuletewa", msiishie hapo. Ombeni hati ya kiapo ya aliyeleta. Isomeni neno kwa neno. Imeandikwa nyumba ipi? Tarehe gani? Mtu aliyepokea ana urefu gani, umri gani, nywele gani? Nimewahi kushika hati inayosema karatasi ilipokelewa na mwanaume mrefu wa miaka arobaini, katika nyumba ya mjane anayeishi na mabinti wawili.

Yule mama wa kanga tulimwokoa kwa makaratasi madogo. Mkataba wake wa nyumba ya hapa Louisville. Bili ya umeme. Barua ya shule ya mtoto yenye tarehe. Vyote vilionyesha kwamba siku ile wito unaachwa Indianapolis, nyumba ile haikuwa tena makazi yake. Mwenzangu wa Indiana alipeleka maombi kule, hukumu ikatenguliwa, makato yakasimama. Kisha tukakaa na mwenye nyumba, mama akalipa kodi ya miezi miwili aliyokuwa anadaiwa kweli, na ule uharibifu ambao hakuufanya ukaondolewa. Nalisema hili kwa makusudi. Kupinga wito si kukimbia deni. Ni kudai usikilizwe kabla ya kulipa.

Na hapa kuna mtego ninaoomba muuandike. Ukipata wito wa jimbo jingine na unaona mahakama ile haina mamlaka juu yako, au wito haukufika sawasawa, hilo lazima liwe pingamizi lako la kwanza kabisa. Ukijibu madai kwanza, "sidaiwi hizo, nadaiwa hizi", au ukaenda kuomba muda ueleze shida zako, katika mahakama nyingi unaweza kuhesabiwa umeshakubali kuhukumiwa kule, na pingamizi lako likafa. Watu wetu ni waungwana. Wanaandika barua nzuri kwa jaji, wanamsalimia, wanaeleza safari yao tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Barua ile ya adabu ndiyo inayoweza kuwafungia mlango. Usiandike chochote kwa mahakama ya jimbo jingine kabla wakili hajaona. Na usinyamaze pia, maana siku zinahesabika.

Kuhusu anwani nitasema kwa ufupi. Ukihama, jaza fomu ya posta ya kubadili anwani. Barua za kawaida zitakufuata kwa miezi 12. Mwandikie mwenye nyumba wa zamani anwani mpya na ubaki na nakala. Wenye mashauri ya uhamiaji mna wajibu wenu wa ziada: mahakama ya uhamiaji inataka ijulishwe ndani ya siku 5 za kazi, na idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Hizo ni fomu mbili tofauti, moja haifanyi kazi ya nyingine. Kukosa kesi huko kunaweza kutoa amri ya kukurudisha ukiwa haupo.

Baada ya hapo tulikaribisha maswali. Kijana mmoja aliuliza kama wito unaweza kupokelewa na mtu mwingine wa nyumbani. Nikamjibu kwamba mahakama za serikali kuu zinakubali, akiwa ni mtu mwenye umri na akili ya kutosha anayeishi humo, na majimbo mengi pia yanakubali kwa masharti yake. Kwa hiyo waambieni ndugu mnaoishi nao, na wageni mnaowakaribisha kwa miezi, kwamba bahasha haiwekwi juu ya friji.

Niliposema friji, mama mmoja wa safu ya tatu alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Mkutano ulipokwisha alinisubiri karibu na meza ya chai. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya rangi ya kahawia, haijafunguliwa, ina alama ya mviringo ya sufuria. Ilitoka mahakama moja ya Indiana. Mwanawe aliipokea mlangoni, akaiweka juu ya friji, na kitu kingine kikawekwa juu yake. Nikamuuliza ilikuwa lini. Akahesabu kwa vidole, akitumia siku za zamu zake na ibada: Jumatatu ile, siyo hii. Siku 13. Tukavuta viti viwili, nikamwazima kalamu, akaandika tarehe juu ya bahasha kwa mkono wake, kisha tukaifungua.